Mkaa Ndani ya Ndoo

1

Siku Mamlaka ya Uzao ilipoleta hita mpya za matangi ya samaki, watu wa Makazi walipanga foleni ukungu ukiwa bado umelala chini. Kila mmoja alijifunga blanketi, na kila mmoja alishika hita zake za zamani mkononi, maana masharti yalikuwa hayo: leta za zamani, chukua mpya. Za zamani zilikuwa fimbo za kioo zenye kirungu cha kuzungusha juu, na watu waliziita chupa. Mpya zilikuwa za chuma, nyeusi, nzito, hazina kirungu wala taa. Kabla ya saa sita zilikuwa zimekwisha kupata jina. Ziliitwa mikaa.

Subilaga Mwakibinga alikaa upande wa pili wa meza, upande wa Mamlaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa hita wa Makazi. Mamlaka ilimsomesha, ikampa koti zito na kisanduku cha vifaa, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba akichungulia matangi ya samaki ya watu. Alijua sebule ipi ina upepo na ipi inapata joto la jikoni. Alijua nani hujaza maji na nani huyaacha yapungue mpaka hita inatokeza juu, kioo kinapata moto mkavu na kupasuka. Watu wazima walimwogopa kidogo, kwa sababu hakukawia kuchomoa waya ukutani hata mbele ya wageni, akiukuta umenyooka moja kwa moja kutoka kwenye tangi hadi kwenye soketi. Waya ushuke kwanza, alikuwa akisema, uning'inie chini kuliko soketi halafu ndipo upande, ili tone la maji likiufuata lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Asubuhi ile aliinua mkaa mmoja akausoma ubavuni. Wati mia tatu. Akamuuliza fundi wa Mamlaka kila nyumba itapewa mingapi. Fundi akasema mmoja.

Subilaga akamwambia kwamba nguvu inahitajika, hilo halina ubishi. Mwezi wa sita huku juu maji huganda kwenye beseni. Lakini matangi ya ukubwa ule hupewa hita mbili ndogo, moja huku na moja kule, si moja kubwa. Ndogo ikifa, mwenzake atalishikilia joto mpaka mtu agundue. Ndogo ikinata ikakataa kuzima, haina ubavu wa kuwachemsha samaki peke yake. Kubwa ikinata, hakuna wa kuizuia. Fundi alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema hayo yalikuwa mambo ya chupa. Mkaa haujiamulii. Utaamuliwa na Mlinzi, ile mitambo ya Njombe iliyokuwa ikigawa umeme wa matangi yote. Mlinzi atapima joto la kila tangi kwa mbali, atawasha, atazima, na hakutakuwa tena na kirungu cha watoto kuchezea.

"Basi na wewe utapumzika kutuchomolea nyaya," Atuganile alisema kutoka kwenye foleni. Watu wakacheka, na Subilaga naye akacheka.

Atuganile alikuwa jirani yake, na alikuwa jirani yake hata kabla ya Makazi. Walizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Matema, nyumba zao zikitenganishwa na migomba tu, na mbele ya kila nyumba, chini ya maji, palikuwa na mwamba. Mwaka ule maji ya kilindini yalipopanda juu na ziwa likanuka kama yai viza, serikali iliwahamisha watu wa ufuko mzima ikawapandisha Makete, kwenye baridi. Wataalamu walikuwa wamewahi kuwaopoa mbuna, samaki wadogo wa miambani, ambao kila mwamba ulikuwa na wake na hawakupatikana pengine popote. Hawakuwa na pa kuwaweka wote. Ndipo ikatungwa Sheria ya Uzao: kila nyumba itunze samaki wa mwamba wake, na siku ziwa litakapopona, nyumba itakayowarudisha hai irudi nao, ipewe mwamba na ardhi iliyo juu yake. Nyumba ambayo samaki wake wamekufa haikuwa na cha kurudia. Sheria haikuuliza wamekufaje.

2

Tangi la kina Subilaga lilikuwa sebuleni, na kando yake kilikuwa kitanda cha baba yake. Mzee Mwakibinga alikihamishia pale mwenyewe, enzi alipokuwa bado anatembea, kwa kisingizio cha kuwalinda samaki. Kwa kweli pale ndipo palipokuwa na joto kuliko pengine popote nyumbani. Sasa miguu ilikuwa imemkatalia. Alilala ubavu, uso umeelekea kioo, akiwatazama mbuna wake wa buluu wakigombania mawe, na mazungumzo yake yote yaliishia mahali pamoja: azikwe nyumbani, migombani, si kwenye udongo huu wa viazi. Redio ilikuwa imesema ziwa linapona. Mzee alikuwa akijitunza kwa ajili hiyo, akinywa uji ambao hakuutamani.

Subilaga hakuutia mkaa wake kwenye tangi. Aliutia kwanza kwenye ndoo ya maji, jikoni, pamoja na kipimajoto chake mwenyewe, kwa sababu hakuwahi kuiamini hita inayojipima yenyewe. Siku za mwanzo ulifanya kazi vizuri hata akaona haya kwa maneno aliyomwambia fundi. Maji yalipanda yakafika nyuzi ishirini na tano, yakatulia hapo asubuhi na jioni, jambo ambalo chupa haikuwahi kuliweza.

Kisha akawaza juu ya mtandao. Mlinzi alikuwa Njombe, mkaa ulikuwa Makazi, na baina yao palikuwa na milima na ukungu. Nyuma ya nyumba walikuwa na stoo ya viazi, shimo lililochimbwa ubavuni mwa kilima, ambamo simu haishiki kabisa. Alijaza ndoo maji ya baridi, akasubiri mkaa uwake, halafu akauchomoa akakimbia na ndoo hadi stoo, alikokuwa amevuta ekstensheni. Alipouchomeka tena uliendelea kupasha. Akaketi juu ya gunia. Maji yalifika ishirini na tano, yakapita. Yalifika thelathini, yakapita. Yalipofika thelathini na tano alitia kidole, akafikiria samaki aliye ndani ya maji yale, akauchomoa.

Alirudia jaribio lile kesho yake, akitumaini kwamba amekosea mahali. Hakuwa amekosea.

3

Gwamaka, mdogo wake, alikuwa injinia wa Mamlaka pale Njombe, na Jumapili za mwisho wa mwezi alikuja kumwona baba yao. Jumapili hiyo Subilaga alimwacha amalize kumnyoa mzee ndevu, kisha akamwita nyuma ya nyumba, penye rundo la kuni. Akamweleza habari ya stoo na ndoo.

Gwamaka hakushangaa. Hilo ndilo lililomchoma Subilaga kwanza.

"Kumbe mnajua," Subilaga alisema.

"Tunajua. Ukipoteza mtandao, unashika amri ya mwisho uliyopewa. Walioutengeneza hawakuifikiria baridi ya huku. Huku amri ya mwisho karibu siku zote ni washa."

Alisema marekebisho yanaandikwa. Yangekuwa tayari baridi ikiisha, pengine mapema zaidi. Subilaga akamuuliza itakuwaje akiwaambia watu wachomoe mikaa yao leo hii, na Gwamaka akamjibu polepole, kama mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo kitandani mara nyingi. Wakichomoa, Mlinzi atahesabu kwamba wamejitoa, atawakatia umeme wa uzao. Sola za mapaa yao haziwezi kupasha hata tangi moja wakati wa ukungu. Na chupa walizorudisha zilikwisha kusagwa, hakuna ghala la kuzifuata.

"Watakufa kwa baridi, dada. Wote, si wa nyumba mbili tatu. Mtandao huku ukikatika ni saa moja, saa mbili. Acha baridi ipite."

"Na hizo nyumba mbili tatu?"

Gwamaka aliokota kibanzi cha kuni akakivunjavunja. Hakumwangalia.

"Tangi la baba lifanye unavyojua wewe," alisema. "Mimi sikuona kitu."

Akaingia ndani kumuaga mzee. Subilaga alibaki pale nje, akitafuta hasira yake dhidi ya mdogo wake na asiipate yote, kwa sababu naye alikuwa amefikiria tangi la baba kabla ya kulifikiria tangi jingine lolote.

4

Kwenye kisanduku chake cha vifaa zilikuwemo chupa mbili za wati mia na hamsini, za kufundishia. Hakuna aliyemwambia azirudishe. Mbili zilitosha tangi moja. Moja moja, kwenye baridi ile, zingekuwa sawa na kumpa kila mtu nusu ya blanketi.

Alizifunga kwenye tangi la baba yake, moja kila upande, pale maji ya pampu yanapopita ili joto lisikae pembeni. Akaingiza vipimajoto viwili. Mkaa akauacha ndani ya ndoo, jikoni, ukiendelea kumtumia Mlinzi habari za maji yasiyo na samaki. Ilikuwa kazi safi. Angeikuta kwa mtu mwingine angeisifu, kisha angeiripoti.

Baada ya hapo alikwenda kwa Atuganile akiwa amekusudia kusema.

Atuganile alikuwa mjane asiye na mtoto, na mbuna wake wa manjano walikuwa wananenepa kuliko wa mtu yeyote Makazi. Aliwapikia mchicha, akauponda kwa vidole. Alimkaribisha Subilaga chai, akamwonyesha jike mmoja aliyefumba mdomo kwa siku nyingi, amejaza watoto mdomoni kama kawaida ya mbuna, na akaeleza kwamba tangu aupate mkaa analala usingizi mzima. Zamani alikuwa akiamka kila mara kushika kioo kwa kiganja. Subilaga alimsikiliza. Aliijua roho ya rafiki yake, na aliujua ulimi wake. Angemwambia, kabla jua halijatua habari zingekuwa zimefika nyumba ya mwisho, na nyaya zote za Makazi zingekuwa zimechomolewa.

Kwa hiyo alisema nusu. Alimwambia atafute kipimajoto chake mwenyewe, asiutegemee mkaa kujipima. Alimwambia asiende mbali na nyumba siku za ukungu mzito.

"Nisiende shamba? Pareto nitavuniwa na nani?" Atuganile aliuliza, akamwongezea chai.

Subilaga aliinywa. Njiani kurudi alijiambia kwamba ameonya. Alijua pia kwamba onyo lisilo na sababu ni kelele tu, na kwamba amelipunguza makusudi mpaka likafaa kupuuzwa.

Nyumba nyingine alizipitia wiki ile kama kawaida ya kazi yake. Alikagua kina cha maji, alikagua nyaya, aliweka sahihi. Kila alipouona mkaa umelala ndani ya tangi la mtu, mweusi katikati ya mawe, alitazama kando.

5

Ukungu ulishuka katikati ya mwezi wa saba ukakataa kuondoka. Watu walitembea mchana wakiitana kwa sauti ili wasigongane. Siku ya tatu, Subilaga alikuwa sebuleni akimgeuza baba yake, aliposikia mlio mwepesi jikoni, kama sufuria inayoanza kutokota. Hakuwa amebandika kitu.

Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye ndoo.

Aliuchomoa mkaa, akachukua simu: hakuna mtandao. Ulikuwa umekatika tangu saa ngapi hakujua, lakini maji hayatokoti kwa dakika mbili. Akatoka mbio bila koti. Aligonga milango aliyoipita akipaza sauti wachomoe, wachomoe mikaa, na nyuma yake akawasikia watu wakiulizana ndani ya ukungu ni nani anapiga kelele na anasema nini.

Mlango wa Atuganile ulikuwa na kufuli. Alivunja dirisha kwa jiwe, akapita akijikwaruza mkono, na kitu cha kwanza kilichompokea kilikuwa joto. Sebule nzima ilikuwa na joto zuri, kama asubuhi ya ufukweni. Vioo vya tangi vilikuwa vimefunikwa jasho. Alichomoa waya, akapangusa kioo kwa kiganja. Samaki wote wa manjano walikuwa juu, ubavu, na yule jike alikuwa amefungua mdomo. Watoto wake walikuwa wametapakaa kumzunguka, wadogo kama punje za ulezi.

Alikuwa bado amesimama pale Atuganile alipoingia na kikapu chake cha pareto. Alitazama dirisha, akatazama damu kwenye mkono wa Subilaga, kisha tangi. Alikaa chini sakafuni na kikapu kikiwa bado mgongoni.

Alisema, "Umejikata mkono kwa ajili yangu."

Subilaga aliuficha mkono ule nyuma.

Atuganile akaanza kusema kwamba kosa ni lake. Jana alibadilisha maji. Huenda aliusogeza mkaa, huenda aliulaza vibaya, huenda alizidisha maji ya moto. Mikono yake siku hizi inatetemeka. Alilieleza kosa lake kwa utaratibu, tangu mwanzo, kama mtu anayeungama kwa mchungaji, na alipofika mwisho alianza upya. Alikuwa anasubiri kuambiwa kwamba sivyo. Subilaga alikuwa na maneno hayo mdomoni, yote, tayari. Akachukua wavu akamsaidia kuwatoa.

Upande wa chini wa Makazi nyumba zilizopoteza samaki zilikuwa nyingi kuliko mbili tatu.

6

Mamlaka ilikuja haraka, na mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mkaguzi Mkuu alikuwa mama mmoja kutoka Dodoma, mpole, aliyewapa watu pole nyumba kwa nyumba kabla ya kukaa mezani. Ripoti yake ilikuwa fupi. Mtandao ulikatika, ndiyo, lakini mikaa ingevumilia endapo matangi yangetunzwa inavyotakiwa. Kilichowaua samaki ni uzembe wa walezi: maji yaliyopungua, vifuniko vilivyozibwa kwa matambara, hita zilizolazwa vibaya.

Usiku wa kuamkia mkutano Gwamaka alikuwa amempigia simu dada yake. Hakumwamrisha chochote. Alimweleza tu kwamba Mkaguzi Mkuu atamsimamisha yeye, kama mtaalamu wa hapo, athibitishe kuwa aliwafundisha watu na kwamba hawakufuata. Akaongeza kwamba samaki wa baba wamehesabiwa hai, wote, na kwamba ziwa litafunguliwa kwa kundi la kwanza mvua zikiisha. Baba anaweza kufika, Gwamaka alisema. Anaweza kufika akiwa anapumua.

Kabla Subilaga hajaitwa, Atuganile aliomba kusema. Alikwenda mbele akiwa amevaa kitenge chake cha msibani. Aliwaambia watu wasigombane na Mamlaka. Kwa upande wake yeye, alisema, alibadilisha maji siku moja kabla, na mikono yake haina nguvu tena. Aliinyanyua wakaiona.

"Niliwaua mwenyewe," alisema. "Wengine semeni yenu. Wangu niliwaua mwenyewe."

Akarudi akaketi. Mkaguzi Mkuu alimshukuru kwa uungwana wake, akaandika kitu, kisha akaliita jina la Subilaga Mwakibinga.

Subilaga alisimama palepale alipokuwa. Alimwona Gwamaka ukutani, karibu na mlango. Alikuwa ametayarisha sentensi ambayo si uongo wala kweli, aliifanyia mazoezi asubuhi nzima akimlisha baba yake uji, na alipofungua kinywa haikuwepo.

"Hakuwaua," alisema. "Mimi nilijua."

Alieleza stoo ya viazi. Alieleza joto lilivyopanda, na kwamba kina cha maji wala kifuniko havikuhusika, kwani ndoo yake haikuwa na kifuniko. Alieleza kwamba alijua wiki kadhaa kabla ya ukungu, na kwamba samaki wa nyumbani kwake wamepona kwa sababu mkaa wake haujawahi kuguswa na samaki hata mmoja. Ulikuwa kwenye ndoo jikoni. Aliulizwa ni nani aliyemruhusu. Akasema hakuna. Alipoangalia tena ukutani, Gwamaka hakuwepo.

Watu walimgeukia taratibu, mmoja mmoja, na wengi wao walikuwa watu aliowahi kuwakaripia kwa ajili ya waya.

7

Mikaa ilirekebishwa. Waliokuwa wamebaki na samaki walibaki nao. Waliopoteza walifika Njombe kwa makundi wakiuliza kama sasa, kwa kuwa imejulikana si uzembe wao, watarudishiwa miamba yao, na waliambiwa kwa upole kwamba mwamba hurudishiwa samaki, na samaki hawapo.

Kuhusu nyumba ya Mwakibinga barua ilisema uzao ulitunzwa kwa vifaa visivyoidhinishwa na kwa taarifa za uongo kwa Mlinzi, hivyo unachukuliwa na Mamlaka. Vijana wawili walikuja na mapipa ya kusafirishia. Walikuwa stadi, hawakumwangusha hata samaki mmoja. Mzee Mwakibinga aliwafuata kwa macho kutoka kitandani, akauliza wanawapeleka wapi. Kijana mmoja akasema Njombe, mzee, watatunzwa vizuri.

"Na nani atawarudisha kwenye mwamba?" mzee aliuliza.

Alimwangalia binti yake, halafu akawaomba vijana wamgeuze, wamwelekeze ukutani.

Gwamaka alihamishwa kazi, kisha hakuwa na kazi. Jumapili za mwisho wa mwezi hakuja. Alituma dawa za baba kwa basi, zimeandikwa jina la baba.

Atuganile alikuja mara moja. Ilikuwa alasiri, Subilaga alikuwa nje akichambua viazi vya mbegu, na alipomwona anapanda njia alifuta mikono, akasimama. Hakujua kama atapigwa au atakumbatiwa, na angekubali lolote kati ya hayo. Atuganile hakuketi alipokaribishwa.

"Ulikuja kwangu," alisema. "Ukanywa chai. Ulikuwa unajua siku ile?"

"Nilikuwa najua."

"Na siku ile uliyovunja dirisha, nilipokuwa chini, nikisema mikono yangu, mikono yangu?"

"Nilikuwa najua, Atu."

Subilaga alitaka kumweleza juu ya umeme ambao ungekatwa na baridi ambayo ingewaua wote. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyasikia kabla hayajatoka, na yalikuwa na sauti ya Gwamaka akivunjavunja kibanzi.

Atuganile aliangalia mbali, kule ambako siku za anga safi ziwa huonekana, mstari mwembamba chini kabisa. Siku hiyo palikuwa na mawingu.

"Ungenyamaza, ningekufa nikijua ni mimi," alisema. "Nilikuwa nimeanza kujisamehe. Nilikuwa nimefika karibu kabisa. Sasa wewe nikusamehe kwa njia gani?"

Hakungoja jibu. Alishuka njia akiwa ameshikilia kitenge ili kisiguse tope.

Mzee Mwakibinga alifariki mwanzoni mwa mvua, na wakamzika pembeni mwa shamba la viazi, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Watu walikuja, wachache. Atuganile alifika kabla ya wote. Alifagia uwanja, akateka maji, akachochea moto na kupika ugali wa watu wote, akaketi mkekani na wanawake wengine nyimbo zilipoimbwa, na akalia, maana mzee alikuwa amemjua tangu anatambaa. Watu walipokwisha kula aliosha vyombo, akavipanga juani. Kisha alijifunga vizuri khanga yake, akapita mbele ya Subilaga bila kumsemesha, akaenda zake.